Kompyuta ya Nyumba Mbili

"Ondoa mkono wako kwenye kioo changu, Baba Gidion! Nakwambia ondoa!"

"Na wewe ondoa wako kwenye sipiyu yangu! Leo kila mtu anaondoka na chake!"

"Beba! Beba tuone utaitazamia wapi. Kwenye sufuria?"

"Na wewe baki na kioo chako, ujitazamie unavyosuka nywele!"

Watu waliosimama mlangoni walicheka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukungu ulikuwa bado haujaondoka juu ya mabati ya soko la Mbulu, na ugomvi wa bure kabla ya chai hakuna mtu wa mtaa ule angeukosa. Mama muuza uji aliacha ndoo yake barabarani. Vijana wawili wa bodaboda walizima pikipiki ili wasikie vizuri.

Judica hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni mwa chumba, ufagio mkononi, amevaa sweta la shule juu ya gauni la nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na huyo mwanamke aliyeshika kioo cha kompyuta kama anayemshika mbuzi mkorofi alikuwa mama yake, Fransiska. Mwanamume mwenye macho mekundu upande wa pili wa meza alikuwa jirani yao, Bura, mchora mabango. Kati yao palikuwa na nyaya zilizovutwa zikakaza kama kamba ya kuanikia nguo.

Chumba kile kilikuwa steshenari, ng'ambo ya soko kutoka nyumbani kwao. Watu walikiita "kwa wawili", na sababu yake mtaa mzima uliijua. Miaka miwili nyuma, Bura alipewa sipiyu na mtu wa Masakta aliyekuwa anahama, lakini kioo hakuwa nacho. Fransiska, mwandika barua na fomu za watu, alikuwa na kioo na printa, ila sipiyu yake ilikuwa imeungua siku radi ilipopiga. Nyumba zao zinapakana, katikati kuna ua wa minyaa tu. Basi wakaunganisha. Asubuhi Fransiska anaandika barua, mchana Bura anachora lebo na mabango. Hata padri aliwahi kuwataja kanisani, akasema wengine waige.

Sasa waigaji walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri ngumi.

"Mnajua huyu mama alichonifanyia?" Bura aliwageukia watazamaji. "Wakulima wa Tlawi wananidai lebo za vitunguu saumu. Lori linaondoka Jumatatu kwenda kwenye maonesho Babati. Kazi nimeanza Jumatano, nikaihifadhi vizuri. Alhamisi nafungua, mashine imerogwa! Nashika kitufe cha Alt, naburuta jani liingie chini ya kitunguu, kama ninavyofanya siku zote. Jani halisogei. Dirisha zima ndilo linasogea! Linakimbia hadi pembeni ya kioo!"

"Labda limekuchoka," akasema kijana mmoja wa bodaboda, na watu wakacheka tena.

"Wewe cheka. Nimeharibu lebo mara nne. Aliyegusa mashine hii anatoka nyumba ya huyu mama, maana asubuhi ni yao."

"Na jioni ni ya nani?" Fransiska akapaza sauti. "Si mwanao Gidion anacheza hapo mpaka giza linaingia? Muulize mwanao!"

"Mwanangu nimeshamuuliza!"

Watu wote wakageuka kumtazama Gidion. Alikuwa amekaa nje kwenye kizingiti, kijana wa miaka kumi na minne, mrefu, mwenye vidole vya kuchora. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba likafunga kabisa, na shingoni palikuwa na alama nyekundu ya mkanda iliyopinda mpaka nyuma ya sikio. Hivyo ndivyo baba yake alivyomuuliza, jana jioni, na minyaa ya ua haikuweza kuzuia sauti. Judica alikuwa amelala amejifunika blanketi hadi kichwani, akihesabu mapigo. Aliacha kuhesabu yalipofika kumi na saba.

Alikuwa anajua aliyegusa kompyuta.

Kila Jumanne, wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wanapelekwa kwenye maabara ya shule ya sekondari iliyo jirani, kwa Mwalimu Evelyne, mgeni kutoka Lindi aliyekuwa anafundisha kompyuta huku amevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi. Kompyuta za pale zilikuwa na uwanja mzuri wa mbele, wenye vipicha vikubwa na herufi zinazong'aa. Mwalimu aliuita deskitopu. Alisema mashine moja inaweza kuwa na deskitopu zaidi ya moja, na mtu anachagua anayotaka pale anapoandika neno la siri. Jumatano jioni, mama yake alipotoka kwenda kutafuta karatasi, Judica akajaribu. Kumbe hata ile yao ilikuwa nazo mbili! Akabonyeza. Uwanja mpya ukafunguka, mpana, wenye herufi kubwa.

Mama aliporudi alikodoa macho, akasema, "Ee, leo naona vizuri. Au macho yamepona?" Judica akanyamaza. Mwezi wa kwanza alikuwa ameigeuza kompyuta lugha ikawa Kichina, ikakaa hivyo siku mbili, na mama alimwambia maneno ambayo hakuyasahau: "Ukigusa tena mipangilio ya mashine hii, kwa Mwalimu Evelyne hukanyagi." Na Jumanne kwa Mwalimu Evelyne ndiyo siku pekee ya wiki ambayo Judica aliamka bila kuitwa.

Kwa hiyo alishika ufagio wake, akatazama jicho la Gidion, na hakusema kitu.

"Umempiga mtoto wako mpaka umemtoa jicho, bado unakuja kwangu?" Fransiska alikuwa anasema. "Wewe ni mtu kweli?"

"Usinifundishe kulea!" Bura akauvuta waya wa kioo kwa nguvu zote.

Waya ukachomoka. Kioo kikayumba, kikaanguka kifudifudi juu ya meza, na mlio wake ulimtoboa Fransiska kama sindano. Mkono wake ulitafuta kitu chochote. Ukaipata panchi, ile ya chuma, nzito, ya kutobolea mafaili. Akairusha.

Ikampata Bura juu ya nyusi. Damu ikaruka, ikachora mstari kwenye fomu za watu zilizokuwa mezani. Kicheko cha mlangoni kikakatika papo hapo. Bura alijishika uso, akaitazama damu viganjani kama mtu anayesoma barua, kisha akanguruma, akashika kigoda na kukitupa. Kigoda kikampita Fransiska sikioni, kikavunja kioo cha kabati. Fransiska akamrukia, kucha mbele, akamkwaruza shavu. Bura akamsukuma ukutani, kichwa chake kikagonga pa! Rula, kalamu na gundi vikamwagika chini.

"Mama!" Judica akapiga kelele.

"Gidion!" Bura alipiga ukelele, damu ikimwingia mdomoni. "Chukua sipiyu! Kimbia nayo nyumbani!"

Gidion akasimama mlangoni, hajui afanye nini. "Baba, lakini..."

"Unataka jicho la pili?"

Gidion akaingia, akachomoa nyaya zilizobaki, akalikumbatia lile kasha la chuma na kutoka mbio. Na hapo Fransiska, kichwa kikimzunguka, nywele zimemfunika uso, alitoka hadi barabarani na kulitamka neno ambalo alikuja kulijutia.

"Mwizi!" alipiga ukelele. "Mwizi! Anakimbia na kompyuta! Mwizi!"

Siku nyingine labda watu wangeuliza. Lakini Jumamosi soko limejaa, nusu ya watu wametoka vijijini, hawamjui Gidion ni mtoto wa nani. Wanachokiona ni kijana mwenye uso uliovimba, amebeba kompyuta, anakimbia. Waliomjua walikuwa mlangoni kwa wawili, mbali. Neno likaruka kutoka kwa muuza nguo hadi kwa muuza viatu, likafika stendi kabla ya Gidion mwenyewe. "Mwizi! Mzuieni! Mkamateni mwizi!"

Judica alidondosha ufagio, akakimbia.

Alikimbia akipita katikati ya mafungu ya vitunguu na nyanya, akikanyaga kitu laini, akitukanwa. Mbele yake aliona migongo, migongo mingi, yote imeelekea upande mmoja. Walikuwa wamemfikia Gidion karibu na mashine ya kusaga. Mtu mmoja alimtega mguu. Gidion akaanguka kifua juu ya sipiyu, na badala ya kujikinga kichwa akaikumbatia, maana baba yake alimwambia aifikishe nyumbani.

Teke la kwanza lilimpata mbavuni. La pili, mgongoni. Mwanamume mwenye koti la mvua alikuwa na fito ya mti mbichi, akaipandisha na kuishusha, akaipandisha na kuishusha, kwa utulivu kabisa kama anayepura maharage. Mtoto mdogo kuliko Judica aliokota jiwe na kulirusha, kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona. Gidion alikuwa anasema, "Si mwizi, si mwizi, ni ya baba," lakini mdomo ulikuwa umepasuka na maneno yalitoka na damu. Akainua mkono kujikinga. Fito ikashuka juu ya mkono. Judica aliusikia mfupa.

"Leteni tairi!" sauti ikatoka nyuma.

Hapo Judica alisahau kuogopa. Alipenya kati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya Gidion, mikono yake ikamfunika kichwa. Fito iliyokuwa angani ikashuka, ikampata begani. Maumivu yalimfunga pumzi. Alipoipata tena, alipiga ukelele kwa sauti ambayo hakujua anayo.

"Si mwizi! Ni jirani yetu! Mimi ndiye niliyeharibu! Mimi! Nipigeni mimi!"

"Nani huyu?" mwenye koti akauliza, fito bado juu.

"Ni mtoto wa steshenari."

"Amesema nini? Ameharibu nini?"

"Shusha hiyo fimbo!" Sauti ya mwanamke ilikata katikati yao. "Shusha sasa hivi! Huyo ni mwanafunzi wangu!"

Mwalimu Evelyne alikuwa amekuja kununua mboga. Alikuwa mfupi, na makoti mawili yalimfanya aonekane kama mtoto aliyevalishwa na bibi yake, lakini alipita katikati ya umati kana kwamba ni watoto waliochelewa mstarini. Alisimama juu ya Judica na Gidion, kikapu mkononi, akawatazama watu usoni mmoja baada ya mwingine.

"Wewe, baba, huyu amekuibia nini? Na wewe? Na wewe mwenye jiwe? Nani kati yenu ameibiwa, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mawe yaliachiwa yakaanguka chini bila kelele. Aliyeita tairi hakuonekana tena. Ghafla kila mtu alikumbuka ana haraka, huyu anataka chumvi, yule amemwacha punda, na kwa muda mfupi mashine ya kusaga ikabaki na watu wasiozidi kumi, wote wakiwa na uso wa kusema "mimi nimefika sasa hivi tu."

Muuza uji alifika akihema. "Jamani, huyu ni Gidion wa Bura! Mmeua mtoto wa Bura!"

Gidion alifungua jicho lake moja. "Sipiyu imepona?" akauliza, kisha akazimia.

* * *

Walikwenda polisi kwanza kuchukua fomu, kisha hospitali. Daktari alisema mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, mbavu moja ina ufa, mdomo utashonwa. Akamsafisha Bura nusu ya uso na kumshona pia. Kwenye benchi la nje Fransiska alikaa mwisho wa huku, Bura mwisho wa kule, na kati yao pangeweza kukaa watu sita. Mwalimu Evelyne alikaa katikati. Judica alibaki amesimama. Bega lilikuwa linawaka moto.

"Mama," akasema. "Baba Gidion."

Wakainua vichwa.

"Jumatano niligusa kompyuta. Nilibadilisha deskitopu. Gidion hakugusa kitu. Nilisikia akipigwa jana, nikanyamaza. Leo asubuhi pia nilinyamaza."

Fransiska alisimama. Mkono wake ulikwenda juu, ule ule uliorusha panchi. Judica alifumba macho akasubiri.

Kofi halikuja. Alipofumbua, Mwalimu Evelyne alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwenye kifundo.

"Leo mikono imeshafanya kazi ya kutosha, Mama Judica," akasema taratibu. "Kaa."

Fransiska akakaa. Halafu akajifunika uso kwa kitenge na kulia, si kwa ajili ya kompyuta. "Mimi ndiye niliyemwitia watu," alisema ndani ya kitenge. "Nilijua si mwizi. Nilijua, na bado nikaita." Bura alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe iliyolala magotini, kama mikono ya mtu asiyemjua.

Jioni ile Fransiska alirudi polisi kwa miguu yake, akaandika maelezo kwamba kelele za mwizi zilikuwa uongo na kwamba aliyezipiga ni yeye. Mwenye koti la mvua alitafutwa kwa jina. Mtaa ulikuwa na la kusema wiki nzima, na ulilisema.

* * *

Jumapili baada ya misa, Mwalimu Evelyne aliwaita wote kwa wawili. Gidion alikuja na plasta mkononi na nyuzi mdomoni, akitembea kama mzee. Kioo cha kompyuta kilikuwa na mkwaruzo pembeni, sipiyu ilikuwa imebonyea ubavu mmoja, lakini nyaya ziliporudishwa, mashine ikawaka.

"Judica, nionyeshe ulichofanya," mwalimu akasema.

Judica akaonyesha. Hakuficha hatua hata moja.

"Vizuri. Sasa Baba Gidion, fungua lebo yako, fanya kama siku zote."

Bura akakaa. Programu ile ya kuchorea hakuijua kwa maneno, aliijua kwa vidole. Akabonyeza jani, akashikilia Alt, akaburuta. Dirisha lote likateleza, likagonga pembeni.

"Mnaona?" akasema, na sauti ikaanza kupanda. Akajisikia mwenyewe. Ikashuka. "Mnaona, ndiyo hivyo."

"Hakuna uchawi hapo, wala hakuna virusi," mwalimu akasema. "Sikilizeni. Kitufe chochote mnachobonyeza kinapita kwanza kwenye deskitopu, ndiyo inayopokea wageni mlangoni. Ikiona kitufe ni cha kazi yake, inakichukua, programu iliyo ndani haiambiwi kitu. Hii mpya imezoea kwamba Alt pamoja na kipanya maana yake ni kusogeza dirisha. Programu yako nayo imezoea kwamba maana yake ni kusogeza picha iliyofichwa chini ya nyingine. Kitufe kimoja, kila mmoja anasema ni changu. Aliye mlangoni anashinda."

"Basi turudishe ile ya zamani," Bura akasema.

Fransiska akakohoa. Tangu jana walikuwa hawajasemeshana. "Ile ya zamani," akasema akimtazama mwalimu, si Bura, "herufi zake mimi sizioni. Tangu Jumatano ndiyo naandika bila kuinamia kioo. Na sikuuliza kwa nini. Nilifurahi tu."

Mtu mwingine angeona ugomvi mpya unakuja, maana huyu anataka hii na yule anataka ile, na mashine ni moja. Judica alijikuta anatazama panchi. Mtu alikuwa ameiweka juu kabisa ya kabati.

"Mwalimu," akasema, "ile deskitopu haiwezi kupewa kitufe kingine? Kwani lazima iwe Alt?"

Mwalimu Evelyne alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Tafuta."

Judica akafungua mipangilio, safari hii watu wanne wakiwa nyuma yake. Akapita sehemu ya rangi, ya sauti, akafika sehemu ya madirisha. Palikuwa na mstari uliosema ni kitufe gani kinasogeza dirisha. Pameandikwa Alt. Akabonyeza pembeni yake, chaguo likafunguka.

"Nichague kipi?"

"Kile chenye picha ya dirisha, karibu na Alt," Gidion akasema kwa mdomo ulioshonwa. "Hicho baba hakitumii kabisa. Hata hakijui."

"Nakijua," Bura akasema. "Nilifikiri ni pambo."

Fransiska alicheka kabla hajajizuia. Bura naye akacheka kidogo, kisha akashika nyuzi zake za usoni, zilimuuma. Judica akachagua, akafunga, akampisha Gidion. Gidion alishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akabonyeza jani, na Judica akamshikilia Alt. Wakaburuta. Dirisha halikutikisika. Jani likateleza polepole, likaingia chini ya kitunguu, likatulia.

"Eee!" Muuza uji, ambaye hakualikwa lakini alikuwa dirishani muda wote, akapiga vigelegele.

"Dakika mbili," Bura akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Kazi ya dakika mbili." Akamtazama mwanawe, lile jicho, ule mkono. "Gidion. Nilikupiga kabla sijakuuliza. Na ulipojibu, nilikupiga kwa sababu umejibu. Nimekukosea, mwanangu."

Gidion hakujua aangalie wapi. Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kuambiwa hivyo na baba yake mbele za watu. "Ndiyo, baba," akasema.

Mwalimu Evelyne alimgeukia Judica. "Na wewe, unajua kosa lako ni lipi? Wengi watakwambia ni kugusa mashine. Mimi nakwambia siyo hilo. Kugusa ndiyo kujifunza, na Jumanne nakutegemea, mama yako na mimi tumeshaongea. Kosa lako ni kunyamaza. Jumatano ukweli ungekugharimu kelele kidogo za mama. Ijumaa ungekugharimu kofi. Jumamosi karibu ugharimu uhai wa mtu. Ukweli ukiuchelewesha unazidi kuwa mgumu kuutoa, na anayelipia si wewe peke yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Na nyinyi wakubwa, mna mashine moja na nyumba mbili. Kaeni muandike kila mtu anatumia nini, na asibadilishe mtu kitu bila kumwambia mwenzake. Mtu akikosea, aulizwe kwanza. Anayeanza kwa kupiga hapati jibu, anapata mtu mwenye hofu tu, na mwenye hofu anaficha." Akafunga makoti yake. "Baridi hii itaniua. Kwaherini."

Lebo ziliisha saa kumi jioni. Gidion alikuwa anasema "kushoto kidogo, hapo, zungusha," na Judica ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia, na ndivyo ilivyokuwa mpaka plasta ilipotolewa wiki ya sita. Jumatatu alfajiri lori likaondoka nazo.

Lakini Jumapili ile ile, kabla jua halijazama, palikuwa na jambo moja lililobaki, na hilo halikuwa kwenye kompyuta.

Fransiska alivaa kitenge safi, akamshika Judica mkono, wakazunguka ua wa minyaa hadi kwenye mlango wa Bura. Alibisha hodi. Bibi Genoveva, mama yake Bura, alifungua. Alikuwa mzee sana, na hakutabasamu.

"Shikamoo, mama," Fransiska akasema.

"Marahaba." Basi. Hakusogea mlangoni.

"Shikamoo, bibi," Judica akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Bega linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri."

Fransiska hakutafuta maneno marefu. "Mama, mimi nilimwita mjukuu wako mwizi mbele ya soko, na najua si mwizi. Kwa hasira yangu nusura afe. Sikuja kuomba chochote. Nimekuja kusema mbele yake, asikie kwa masikio yake." Aliinama kidogo, akatazama ndani ya nyumba kulikokuwa na giza na moshi wa jikoni. "Gidion, mwanangu, nisamehe. Hukuiba. Nilidanganya."

Ndani kulikuwa na sauti ya mwiko ukigonga sufuria, kisha ukaacha kugonga. Bura alikuwa amekaa karibu na ukuta, kichwa kimefungwa bandeji, akimwachia mwanawe jibu. Bibi Genoveva naye alibaki ameshika mlango. Fransiska alisubiri. Baridi ya jioni ilikuwa inateremka, na Judica aliuhisi mkono wa mama yake umelowa jasho.

Hatua za polepole zikasikika sakafuni. Gidion alitokea nyuma ya bibi yake, mkono wenye plasta kifuani, jicho lililovimba limeanza kufunguka. Alimtazama Fransiska muda mrefu. Mdomo ulimuuma kuongea, kwa hiyo alichagua maneno machache.

"Shikamoo, Mama Judica," akasema.

"Marahaba, baba."

"Kuna ugali na maziwa mgando." Alimgusa bibi yake begani kwa mkono mzima, na bibi akasogea pembeni. "Ingieni ndani, tule."